Kupunguza tumbo Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili kwa mwanamke, kuanzia jikoni hadi kwenye mkeka

Wengi wakitaka kupunguza tumbo huanza na sitapu. Thelathini asubuhi, thelathini usiku kabla ya kulala. Mwezi unaisha, shingo inauma, na sketi bado haifungi. Msuli unaofanyishwa kazi hauli mafuta yaliyolala juu yake. Mwili ukihitaji nguvu huchota mafuta kutoka kila mahali kwa mpango wake wenyewe, na tumbo la chini linaweza kuwa miongoni mwa maghala ya mwisho kufunguliwa. Huenda uso ukapungua kwanza, kifua kikafuata, na tumbo likaja baadaye. Anayejua hilo mapema hakati tamaa wiki ya nne.

Kwa hiyo kazi ni mbili. Mafuta yanapunguzwa jikoni. Mkekani unakaza misuli inayoshikilia tumbo ili lisining'inie mbele. Ukifanya moja bila nyingine utapata nusu ya matokeo.

Kabla ya yote: hilo ni tumbo gani?

Simama, bana ngozi chini ya kitovu kwa vidole. Ukishika mkunjo mnene na laini, hayo ni mafuta ya chini ya ngozi. Kama tumbo limejaa na ni gumu, na hakuna cha kubana, mafuta mengi yako ndani, yamezunguka utumbo na ini. Haya ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na presha, ila habari njema ni kwamba hupungua haraka kuliko yale ya nje. Tumbo likiwa bapa asubuhi kisha jioni likawa kama la miezi mitano, hiyo ni gesi au choo kigumu, na dawa yake utaikuta kwenye sehemu ya maharage.

Aina ya nne husahaulika sana: msuli ulioachana baada ya kuzaa. Jipime hivi. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Weka vidole vya mkono mmoja juu kidogo ya kitovu, vimelala kukatisha tumbo. Inua kichwa tu, mabega yabaki karibu na mkeka. Utahisi kingo mbili za msuli zikikaza kushoto na kulia. Hesabu vidole vinavyoingia katikati. Kimoja ni kawaida. Viwili au zaidi, au ukiona katikati ya tumbo panainuka kama tuta la viazi, usiguse sitapu kwa sasa, maana zinasukuma tuta hilo nje zaidi. Anza na zoezi la kwanza na la pili hapa chini, na upate ushauri wa mtaalamu wa mazoezi tiba kama yuko hospitali jirani.

Na kuna matumbo ambayo si ya mwongozo huu. Uvimbe mgumu chini ya kitovu pamoja na hedhi nzito, tumbo linalokua ndani ya wiki chache huku mwili mwingine ukikonda, maumivu yasiyoisha, miguu kuvimba: nenda hospitali. Na kama kuna uwezekano wa mimba, pima kwanza.

Mjamzito asipunguze kula. Aliyejifungua kawaida asubiri angalau wiki sita, wa upasuaji asubiri zaidi na aulize kliniki. Anayenyonyesha apunguze sukari na mafuta ya kukaangia tu, chakula chenyewe asikikate. Anayetumia dawa za kisukari au presha amwambie daktari kabla ya kuanza, kwa sababu mwili ukipungua dozi huenda ikahitaji kubadilishwa.

Futi ya fundi cherehani ni bora kuliko mizani

Asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa chochote, tafuta mfupa wa mwisho wa ubavu na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi ipite katikati ya hapo pande zote mbili, isibane ngozi. Toa pumzi kawaida, soma. Usivute tumbo ndani, unajidanganya mwenyewe.

Kwa mwanamke, sentimita 80 ndipo Shirika la Afya Duniani linapoanza kuhesabu hatari ya magonjwa kuongezeka, na 88 hatari inakuwa kubwa. Kipimo kingine rahisi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 160 alenge chini ya 80.

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, uandike kwenye daftari. Siku chache kabla ya hedhi mwili huhifadhi maji, na kiuno kinaweza kuongezeka bila gramu moja ya mafuta kuingia. Linganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Chupa ya mafuta na bakuli la sukari

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo. Ili upungue kwa mwendo unaodumu, takriban nusu kilo kwa wiki au chini kidogo, unahitaji kula pungufu ya matumizi yako kwa kalori 300 hadi 500 kwa siku. Watu husikia hivyo wakakimbilia kuacha ugali. Angalia kwanza kinachoingia bila kuhesabiwa.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kula kina takriban kalori 120. Sasa fikiria sufuria ya maharage ya watu wanne, mafuta yanamiminwa kutoka kwenye dumu kwa macho tu mpaka kitunguu kielee. Hiyo ni nusu kikombe kwa urahisi, takriban kalori 1,000. Gawanya kwa wanne: 250 kila mmoja, kabla hata ya kuhesabu harage lenyewe. Ukipima vijiko viwili kwa sufuria nzima, kila mtu anapata 60. Umeokoa kalori 190 kwa mlo mmoja. Kwa chakula cha mchana na cha usiku ni 380. Punguzo lote ulilokuwa unalitafuta limetoka kwenye dumu la mafuta, na hakuna aliyelala njaa.

Mboga haiharibiki. Weka vijiko viwili kwenye sufuria iliyopata moto, tia kitunguu na chumvi kidogo, funika. Chumvi huvuta maji ya kitunguu, nacho kinaiva ndani ya maji yake. Kikianza kushika, ongeza maji kijiko kimoja, koroga, funika tena. Nyanya ziingie zikiwa zimekwanguliwa, si vipande, zifunikwe mpaka zilainike kabisa. Mchuzi mwepesi usio na ladha kwa kawaida unatokana na nyanya zilizoharakishwa, mafuta hayahusiki. Chainizi, figiri na majani ya maboga yapikwe dakika chache tu, mafuta kijiko kimoja. Ukiunga kwa karanga za kusaga, usiweke mafuta tena: karanga ni mafuta tayari.

Sukari nayo. Baridi ya Juni na Julai, Njombe au Mbeya, haina mjadala, chai lazima. Tatizo si chai. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4 za sukari, ila kile cha kilima, ambacho ndicho tunachotumia, kinakaribia mara mbili. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vitatu, umeshapita mbali gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema ndizo bora mtu mzima asizizidi kwa siku. Usiache ghafla, utarudi baada ya siku tatu. Wiki ya kwanza sawazisha kijiko kwa kisu. Ya pili toa kijiko kimoja. Ya nne bakia na kimoja. Tangawizi, mdalasini na mchaichai hufanya ulimi usidai sana. Chai ya maziwa ni nzuri, ina protini, lakini iwe na sukari hiyohiyo kidogo.

Soda chupa moja ya mililita 350 hubeba karibu gramu 37 za sukari. Juisi ya kutengeneza nyumbani ikitiwa sukari haina tofauti kubwa. Bia chupa ya nusu lita ni takriban kalori 200, na pombe za kienyeji kama ulanzi na komoni nazo zimo, na pombe ni kalori saba kwa gramu. Hatusemi usinywe kabisa. Tunasema ukinywa Jumamosi, hesabu na mishikaki iliyofuata.

Sahani yenyewe

Dona haipunguzi tumbo kwa sababu ni dona. Gramu 100 za unga, uwe wa dona au sembe, zina takriban kalori 360. Faida ya dona ni pumba zake: unashiba mapema, na choo kinakwenda. Lakini mlima wa dona ni mlima tu.

Panga sahani kwa macho. Nusu yake mboga za majani na za kuchemsha. Robo ni chakula cha protini. Robo iliyobaki ni wanga: ugali ukubwa wa ngumi yako, au wali wa Kyela kiasi hichohicho. Wanaolima shamba kutwa nzima waongeze ngumi ya pili. Anayekaa dukani au ofisini asiongeze.

Viazi mviringo vimeonewa. Vikichemshwa vina takriban kalori 87 kwa gramu 100 na vinashibisha kuliko wali. Vikigeuzwa chipsi vinakaribia 300, na bado mayai hayajavunjwa juu yake. Sehemu inayolima viazi kama Uyole na Njombe haina sababu ya kuogopa viazi, iogope karai. Ndizi za Tukuyu ni vivyo hivyo, za kuchemsha na maharage ni mlo mzuri, za kukaanga ni habari nyingine. Parachichi ni chakula bora lakini ni mafuta: gramu 100 ni kalori 160. Nusu moja ya wastani inatosha, na siku hiyo ikae mahali pa mafuta ya kupikia, si juu yake.

Chapati ndiyo inayodanganya zaidi. Ina mafuta kwenye kinyunga, mafuta kwenye mikunjo, mafuta kwenye kikaango. Moja kubwa inafika kalori 300. Mbili na chai ya vijiko vitatu ni kalori za mlo mzima, na saa nne njaa imerudi. Zibaki za Jumapili.

Protini ndiyo inayolinda msuli wakati mafuta yanapungua, na ndiyo inayozuia njaa ya saa kumi jioni. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 70 anahitaji kuanzia 84. Bei isikutishe: vikombe viwili vya maharage yaliyoiva ni takriban gramu 30, mayai mawili 12, konzi ya dagaa wakavu 15 au zaidi, kikombe cha maziwa 8, na unga wenyewe unachangia. Dagaa wa Ziwa Nyasa wakioshwa vizuri na kuungwa kwa nyanya bila kukaangwa hawana mpinzani kwa bei.

Maharage na gesi: Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam, na harage lililoiva nusu ndilo linalojaza tumbo gesi. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, chemsha mpaka harage lipondeke kati ya ulimi na kaakaa bila meno. Magadi kidogo yanaharakisha, ila yakizidi unapoteza ladha na vitamini. Kama hukuzoea maharage, anza na nusu kikombe kwa siku, uongeze polepole ndani ya wiki mbili. Maji lita moja na nusu hadi mbili, choo kiwe cha kawaida.

Mkekani: siku tatu kwa wiki

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, dakika 30. Asubuhi za Julai misuli ni baridi: tembea papo hapo na kuzungusha mikono dakika nane kabla ya kuanza, si tatu. Kama asubuhi haiwezekani, saa kumi na moja jioni inafaa vilevile.

Kwanza, pumzi. Lala chali, magoti yamekunjwa. Vuta pumzi kwa puani sekunde nne, tumbo lipande. Toa kwa mdomo sekunde sita kama unapoza uji wa moto, huku unakaza kama anayezuia mkojo na kitovu kikishuka taratibu kuelekea mgongo. Mara 10. Linaonekana la kitoto, lakini msuli wa ndani kabisa unaozunguka kiuno kama mkanda ndio unaoamshwa hapa. Kosa la kawaida ni kuvuta tumbo kwa nguvu na kubana pumzi.

Pili, kisigino. Ukiwa hivyohivyo, toa pumzi na telezesha kisigino kimoja mbele mpaka mguu unyooke, kisha urudishe. Mgongo usiachie mkeka. Mara 10 kila mguu. Likiwa rahisi, inua miguu yote miwili hewani magoti yakiwa yamekunjwa, mikono juu, ushushe mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, kisha ubadilishe. Mgongo ukianza kujikunja, umeshusha mno.

Tatu, daraja. Sukuma nyayo chini, inua nyonga mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja, kaza makalio, hesabu mbili, shuka. Mara 12.

Nne, ubao. Viwiko chini ya mabega, mwili mstari mmoja kutoka kichwa hadi kisigino. Anza ukiwa umeegemea kitanda, ushuke sakafuni baada ya wiki tatu. Sekunde 20, mara tatu, mpaka ufike 45. Kiuno kikining'inia, mgongo ndio unaobeba; simama, pumzika, rudia. Ubao wa dakika tatu uliopinda ni wa kupigia picha tu. Kwa viuno, yaani zile nyama uzembe za pembeni, fanya ubao wa ubavu sekunde 15 kila upande, goti la chini likiwa sakafuni. Nyama uzembe hazitaondoka kwa zoezi hili, ila kiuno kitashikika.

Halafu misuli mikubwa, kwa sababu mapaja na makalio ndiyo yanayotumia nguvu nyingi. Hapa wengi huruka, wakiogopa kupata mwili wa kiume. Mwanamke hana homoni za kujaza misuli kiasi hicho. Chukua dumu la lita 5 lililojaa maji, hilo ni kilo 5. Chuchumaa ukiwa umelikumbatia kifuani, makalio yarudi nyuma kama unayekalia kigoda, magoti yafuate vidole vya miguu: mara 12. Inama kutoka nyongani, mgongo umenyooka, vuta dumu hadi ubavuni: mara 10 kila mkono. Pushapu ukiegemea ukuta au ukingo wa kitanda: mara 8 hadi 12. Zunguka mara tatu. Zile mbili za mwisho katika kila seti ziwe ngumu. Zikiwa rahisi, tafuta dumu la lita 10. Dumu lilelile kwa miezi mitatu halibadilishi kitu.

Siku nyingine: miguu

Angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Huku vilima ni vya bure. Mbeya, kutoka Kabwe hadi Mwanjelwa hakuna haja ya bajaji. Iringa, njia ya kupanda kuelekea jiwe la Gangilonga inatosha kumtoa jasho mtu mzima. Pande za Mbeya zinazopanda kuelekea mlima Loleza ni vivyo hivyo. Ukishuka piga hatua fupi, magoti laini. Maumivu ya goti hupatikana kwenye mteremko. Nenda na mwenzako, na usitoke kabla hakujapambazuka.

Kubeba ndoo na kulima ni kazi ya mwili, zihesabu. Lakini zinatumia misuli ileile kila siku, na mgongo unachoka, kwa hiyo pumzi na daraja usiviache.

Ya mitaani

Mkanda wa kubana unapanga nyama upya mpaka uuvue. Kufunga kanga baada ya kuzaa kunamsaidia mama kujisikia ameshikika, lakini hakuyeyushi mafuta, na ikikazwa sana inasukuma shinikizo chini kwenye nyonga. Nailoni tumboni inatoa maji, utayarudisha na glasi mbili. Ndimu na maji ya moto ni kinywaji kizuri tu. Chai za kupunguza unene zinazokukimbiza chooni zinaondoa maji na chumvi za mwili, na utumbo ukizizoea unaweza kugoma kufanya kazi wenyewe. Hizo ziogope kweli.

Futi ikigoma

Wiki ya kwanza kilo mbili zinaweza kuondoka. Mengi ni maji. Baada ya hapo, kwa wiki 12, kilo nne hadi sita ni kazi nzuri. Futi isiposogea wiki tatu mfululizo, usipunguze ugali kwanza. Pima mafuta ya kupikia kwa kijiko siku saba, maana mkono huwa umesharudi kumimina. Hesabu kinacholiwa wakati wa kuonja sufuria na kumalizia sahani za watoto. Angalia usingizi: chini ya saa saba njaa huongezeka. Kama umeanza sindano ya uzazi wa mpango na uzito unapanda, muulize mtoa huduma kuhusu njia nyingine. Baadhi ya wanawake huongezeka uzito kwa sindano. Aliyefikia ukomo wa hedhi ajue mafuta sasa yanapendelea tumbo, kwa hiyo dumu la maji kwake ni la lazima kuliko kwa binti. Vyote hivyo vikiwa sawa, ndipo utoe nusu ngumi ya wanga kwenye mlo wa usiku, usubiri wiki mbili, upime tena.